Santuri, Sauti na Amana

Mnamo mwaka 1952 kikundi cha vijana wa Jamaica, katika eneo la Queens mjini New York, kiliingia studio kuimba upya wimbo "Stormy Weather", uliokuwa maarufu tangu mwaka 1933. Vijana hao walijiita Five Sharps. Waliimba wakisindikizwa na piano, wakaongezewa ngurumo na mvua za kuigiza, na kampuni ya Jubilee ikaitoa santuri yao, ile ya aina ya kale yenye mizunguko 78 kwa dakika. Santuri haikupata wanunuzi. Ikasahauliwa, na waimbaji wake wakashika njia zao.

Kiasi cha miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mpenzi mmoja wa santuri aliikuta nakala yake huko Brooklyn. Akaiazimisha kwa Times Square Records, duka lililokuwa katika njia za kituo cha treni za chini ya ardhi, ambako vijana waliozipenda nyimbo za vikundi vya sauti walikutana, wakabadilishana na wakabishana. Ikiwa mikononi mwa duka, santuri ikavunjika. Ilisimuliwa kuwa mnyama aliyefugwa na mwenye duka ndiye aliyeikalia. Ikatangazwa kwamba atakayeleta nakala nyingine atazawadiwa, lakini hakutokea mtu. Kampuni ilipoulizwa ikaonekana kwamba rekodi ya asili haipatikani. Basi mwaka 1964 waimbaji wengine wakaitwa studio, wakauimba wimbo uleule kwa jina lilelile la Five Sharps. Wapenzi wa santuri hawakuridhika. Waliingoja ile ya 1952, na katika miaka ya 1970 ikapatikana nakala yenye ufa, kisha nyingine nzima, ambayo mwaka 1977 iliuzwa kwa karibu dola 4,000 za Marekani.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi miongoni mwa wakusanyaji wa santuri za zamani, na aghalabu husimuliwa kwa kicheko. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo si la kuchekwa. Kilichovunjika siku ile dukani ni kitu gani? Hakikuwa wimbo, kwa kuwa wimbo ulikuwa umeimbwa na wengi kabla ya Five Sharps na ukaendelea kuimbwa baada yao. Halikuwa jina, kwa kuwa jina liliweza kuvishwa watu wengine, nao wakalivaa. Kilichovunjika ni sauti za watu fulani katika siku fulani, pumzi zao, na makosa yao yasiyorudiwa. Waliokataa kuridhika na rekodi ya 1964 walikuwa na hoja ya haki: sauti ya mtu haina badala.

Lakini upo upande wa pili. Wengi walioisikia santuri ile ilipopatikana wamekiri kuwa uimbaji wake ni wa kawaida, na kwamba zipo santuri nyingi za wakati huo zilizo bora kuliko hiyo na ambazo huuzwa kwa bei ya sahani ya chakula. Basi zile dola zililipiwa nini? Hapa ndipo mapenzi mawili yanapochanganyika, na aliye nayo yote mawili huwa hajui ni lipi linalomwongoza. Lipo penzi la sauti, na lipo penzi la uchache. Penzi la sauti hufurahi likigawana, kwa sababu wimbo haupungui ukisikilizwa na watu elfu. Penzi la uchache huumia likigawana, kwa sababu nakala ya pili ikitokea, ya kwanza huteremka thamani. Mwenye penzi la kwanza akisikia kuwa imepatikana nakala nyingine atasema, afadhali. Mwenye penzi la pili atanyamaza.

Si uadilifu, hata hivyo, kumkejeli mkusanyaji kabla ya kuitazama kazi yake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na methali hii kwa wakusanyaji wa santuri si fumbo bali ni maelezo ya kazi yenyewe. Huinama chini ya meza za wauza vikuukuu, katika maghala yenye vumbi, katika nyumba ambazo wenyewe wamefariki na warithi wanataka kufagia. Huisogeza santuri kwenye mwanga, wakasoma herufi zilizochorwa kwa mkono katika ukingo laini ulio karibu na lebo. Wajuzi wa santuri za Sun, kampuni ya Sam Phillips huko Memphis, huzitazama lebo zake kutafuta alama tatu ndogo za mviringo zilizoachwa na mashine ya kiwandani. Kwa alama hizo huitenga nakala ya asili na ya kughushi. Elimu hii haikufundishwa katika chuo chochote. Ilijengwa na watu walioshinda kutwa katika kazi nyingine na kukesha katika hii.

Na kitu walichokilinda ni dhaifu. Santuri za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa lakiri, uliotoka zaidi Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe. Zikianguka huvunjika kama vigae. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia lakiri ilipungua. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ikabana matumizi yake, na santuri kuukuu zikakusanywa ili zisagwe upya. Hakuna ajuaye ni sauti ngapi zilisagwa pamoja nazo. Mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ilileta santuri ndogo ya mizunguko 45, iliyo ya plastiki na isiyovunjika kwa urahisi, na katika miaka michache zile za lakiri zikaonekana ni takataka. Muziki wa rokenroli ulizaliwa hasa katika mpito huo, mguu mmoja katika lakiri na mguu mwingine katika plastiki.

Mtu anaweza kusema kwamba mlinzi wa kweli ni kampuni, yenye ghala, walinzi na fedha. Historia haimuungi mkono. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliunguza ghala katika studio za Universal huko Hollywood. Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilieleza kwamba rekodi za asili nyingi ziliteketea humo, zikiwemo za Chess, kampuni ya Chicago iliyowatoa Chuck Berry na Bo Diddley. Kampuni yenye mali hiyo ilibisha kuhusu ukubwa wa hasara. Hata ikichukuliwa kauli ya kampuni, funzo linabaki: mwenye hati ya milki si lazima awe mwenye uchungu. Mara nyingi nakala iliyo safi kuliko zote imehifadhiwa na mtu asiye na hati yoyote, katika rafu ya chumba cha kulala.

Baada ya kuokoa huja kubishana, na hapa pia wapo wanaowaona wapenzi wa santuri kuwa watu wa kupoteza wakati. Ubishi wao mkongwe ni huu: santuri ya kwanza ya rokenroli ni ipi? Wapo wanaoitaja "Strange Things Happening Every Day", aliyoirekodi Sister Rosetta Tharpe mwaka 1944 akiwa na gitaa lake na maneno ya kanisani. Wapo wanaomtaja Roy Brown na "Good Rockin' Tonight" ya 1947. Wengine humtaja Fats Domino, aliyerekodi "The Fat Man" huko New Orleans mnamo Desemba 1949. Jim Dawson na Steve Propes walitoa kitabu kizima juu ya swali hili mwaka 1992, wakachambua santuri 50, kila moja na hoja zake.

Inayotajwa kuliko nyingi ni "Rocket 88", iliyorekodiwa Memphis mnamo Machi 1951 katika studio ya Sam Phillips na kutolewa na Chess. Anayeitazama lebo yake atasoma kuwa ni ya Jackie Brenston na Delta Cats. Lakini hapakuwa na kikundi cha Delta Cats. Brenston alikuwa mpiga saksafoni na mwimbaji katika kikundi cha Ike Turner kilichoitwa Kings of Rhythm, na Turner mwenyewe ndiye aliyepiga piano. Santuri ni shahidi, na shahidi huyu amesema uongo tangu siku ya kwanza. Kama si wapenzi wabishi waliowauliza wapigaji, wakalinganisha tarehe na kusikiliza mkono wa mpiga piano, uongo wa lebo ungekuwa ndiyo historia.

Kwa hiyo ubishi wa nani wa kwanza hauhusu namba tu. Anayesema kuwa rokenroli ilianza mwaka 1954 kwa Bill Haley na "Rock Around the Clock" anatoa picha moja ya nani alitoa na nani alipokea. Anayesema ilianza kwa Rosetta Tharpe au Roy Brown anatoa picha nyingine. Haley mwenyewe alikuwa amekwisha kuirekodi "Rocket 88" mwaka 1951. Ndani ya swali la mwanzo mna swali la deni, na watu hawakasirikii tarehe kwa kiasi kile isipokuwa tarehe imebeba haki ya mtu.

Mfano wa "Hound Dog" unalionyesha jambo hili waziwazi, na unawahusu zaidi wapenzi wa ushairi. Wimbo huu ulitungwa na Jerry Leiber na Mike Stoller, vijana wawili wa kizungu waliokuwa na umri wa miaka 19. Walimtungia Willie Mae Thornton, mwanamke Mweusi mzaliwa wa Alabama, maarufu kwa jina la Big Mama. Aliurekodi Los Angeles mnamo Agosti 1952. Ulipotolewa mwaka 1953 ukakaa wiki saba katika kilele cha chati ya ridhimu na bluzi. Katika kinywa chake, mbwa si mbwa. Ni mwanamume mvivu, mlaji wa vya watu, anayezungukazunguka mlangoni kwa mwanamke aliyekwisha kumjua. Ni fumbo, na kila aliyekulia katika ngoma za kijembe na nyimbo za taarabu anaijua kazi yake: humpiga anayestahili bila kumtaja, naye akishtuka amejitaja mwenyewe.

Elvis Presley hakuupokea wimbo huu kutoka kwa Thornton moja kwa moja. Aliusikia Las Vegas mwaka 1956 ukiimbwa na Freddie Bell na Bellboys, ambao walikuwa wameyabadili maneno yake kwa ajili ya kuchekesha. Katika maneno hayo mapya mbwa amekuwa mbwa kweli, na lawama anayotupiwa ni ya mbwa asiyejua kuwinda. Fumbo likafumuliwa na ndani mkawa hamna kitu. Santuri ya Presley ikauzwa kwa mamilioni na, pamoja na wimbo wa upande wake wa pili, ikakaa kileleni wiki 11. Chanda chema huvikwa pete, lakini hapa kimoja kilicheza na kingine kikavikwa. Thornton alisema baadaye kwamba wimbo ule ulimpatia hundi moja ya dola 500, basi. Alifariki mwaka 1984. Jumba la heshima la wanamuziki wa rokenroli lilimpokea mwaka 2024, miaka 40 baada ya kifo chake.

Ya Arthur Crudup ni ya kusikitisha zaidi. Mzaliwa huyu wa Mississippi alirekodi "That's All Right" huko Chicago mwaka 1946. Mnamo Julai 1954 Presley aliuimba wimbo huo katika studio ya Sun, na ndio uliokuwa upande mmoja wa santuri yake ya kwanza. Kwa insafu ni lazima isemwe kwamba Presley hakuficha. Mwaka 1956 alimtaja Crudup kwa jina mbele ya mwandishi wa gazeti, akieleza jinsi alivyomsikia zamani na kumtamani. Lakini kutajwa hakukufika mezani. Haki za nyimbo zake zilikuwa zimeshikwa na meneja wake, na Crudup aliacha kurekodi kwa kuchoka kutolipwa, akarudi kwenye kazi za vibarua vya mashambani. Alifariki mwaka 1974 akiwa bado anaidai stahili yake. Leo nakala safi ya santuri ile ya Presley huuzwa kwa maelfu ya dola, na hakuna hata senti moja ya mauzo hayo inayomwendea mtunzi, kwa sababu mrabaha hulipwa kitu kinapouzwa kipya. Kikiuzwa kikuukuu, fedha huzunguka baina ya mikono ya wanunuzi tu.

Hapo ndipo mkusanyaji anapojitetea, na utetezi wake unastahili kusikilizwa. Atasema: si mimi niliyemdhulumu Crudup. Mimi nilizaliwa baadaye, nikanunua kwa mwuzaji halali, nikalipa bei iliyotakiwa, na kitu hiki kama si mimi kingekuwa jaani. Yote hayo ni kweli. Anayenunua santuri hanunui dhambi ya aliyeitoa. Kumtwisha lawama ya kampuni za miaka ya 1940 na 1950 ni kumwonea.

Lakini kutokuwa na hatia si sawa na kutokuwa na wajibu. Mtu akiokota kitu njiani hana hatia ya kupotea kwake; hata hivyo, desturi ya waungwana wa mwambao ni kwamba kiokotwa hutangazwa. Akikitia mfukoni kimya, hakuiba, lakini hakuna atakayemsifu. Na katika lugha ya Kiswahili lipo neno lililo pana kuliko milki na jembamba kuliko zawadi, nalo ni amana. Mwenye amana anakishika kitu, anakilinda, pengine anakitumia. Lakini anajua kuwa nyuma ya kitu hicho yupo mtu mwingine. Santuri ya zamani ni milki kwa upande wa plastiki na lakiri. Kwa upande wa sauti ni amana.

Ikiwa ni amana, basi wajibu wake unaweza kutajwa bila kupiga chuku. Kwanza ni kulitaja jina lililo sahihi hata pale ambapo lebo inasema vingine. Anayemwonyesha mgeni "Rocket 88" bila kumtaja Ike Turner ameurudia uongo wa lebo. Anayemsikilizisha kijana "Hound Dog" ya 1956 bila ile ya 1953 amempa nusu ya habari, na nusu isiyo na fumbo. Pili ni kuiacha sauti isikike. Leo vyombo vya kunakili sauti vipo na havimdhuru mwenye santuri. Wengi wa wakusanyaji wameyafanya hayo kwa moyo mweupe, wakawapa maktaba na watoaji wa makusanyo nakala za vitu ambavyo kampuni zenyewe zilikwisha kuvipoteza. Tatu ni kukubali nakala nyingine ipatikane. Huu ndio mtihani mgumu, kwa kuwa unaligusa lile penzi la pili.

Waswahili hawalitazami jambo hili kwa mbali. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile ya nembo ya mbwa anayesikiliza santuri. Mbwa huyohuyo alikaa pia juu ya lebo ya RCA Victor iliyoitoa "Hound Dog" ya Presley. Santuri za Siti zilikuwa za lakiri ileile, zenye udhaifu uleule. Nyingi zilichakaa kwa sindano za chuma, nyingine zilivunjika, na zilizobakia leo ni adimu. Anayetaka kuisikia sauti yake hana budi kumtegemea mtu fulani aliyeinama chini ya meza, akaiokota na kuipangusa. Ikiwa mtu huyo anajiona ni mmiliki tu, mlango umefungwa. Ikiwa anajiona ni mwenye amana, sauti ya mwanamke wa Fumba itafika kwa wajukuu wa wale aliowaimbia.

Ile nakala moja nzima ya Five Sharps iliyouzwa mwaka 1977 ina dakika chache za sauti. Ikikaa ndani ya sanduku la chuma, dakika hizo ni sawa na zilizovunjika dukani. Vipande vyake vimeshikana tu. Ikiwekwa juu ya mashine mbele ya watu wawili au watatu, na mwenye nayo akasema hawa ni vijana wa Queens, waliimba mwaka 1952 na hawakununuliwa, basi deni limepungua kidogo. Halijaisha. Lakini jina limetajwa, na sindano imeteremshwa.